Ferrari 360, Maserati GranTurismo au Gallardo ya mtumba: ipi inafugika Kigoma?

Dagaa Mchele (mwenye mada)
Wakuu, salaam kutoka Mwanga. Biashara ya dagaa imenikubali misimu mitatu mfululizo, na kabla sijagonga hamsini nataka kufanya ujinga mmoja mkubwa. Shemeji yangu yuko Birmingham, kila usiku ananirushia picha. Usukani kulia, hapo hakuna shida. Ziko tatu mezani: Ferrari 360 Modena ya 2002 yenye gia za F1, Maserati GranTurismo ya 2009, na Lamborghini Gallardo ya 2005. Ninayoiota ni ya kwanza. Msiniambie ninunue kiwanja, viwanja ninavyo. Nataka kujua itanila kiasi gani kwa mwaka nikiwa hapa hapa Kigoma, siyo Masaki.

Isevya Boy
Mkuu, tuta la kwanza ukielekea Ujiji litakuvua bampa, kesho yake watoto wanalitumia kama mtumbwi. Chukua Prado. Nimemaliza.

Karani wa Gati
Kabla ya kuuliza italaje, uliza itaingiaje. Nachukua mfano tu: gari limefika bandarini kwa dola 40,000, bei, meli na bima ya safari vikiwemo. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo 10,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, unapigwa juu ya 50,000, kwa hiyo 5,000. Gari lina zaidi ya miaka 10, kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu: 15,000. Sasa una 70,000, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya yote: 12,600. Jumla ya kodi 42,600, na tozo ndogondogo sijazigusa. Umeshanunua magari mawili, unaendesha moja. Na usije na risiti ya shemeji inayosema dola 15,000, TRA wana thamani zao kwenye mfumo.

Bima kubwa nayo inaenda kama asilimia 3.5 ya thamani. Ukiandikisha kwa 80,000, ni dola 2,800 kila mwaka kabla ya VAT. Afueni pekee ni kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, ikahamia kwenye mafuta.

Dagaa Mchele
Hiyo ya kodi nilishaipigia hesabu, karani, japo umeniumiza upya. Na mafuta?

Karani wa Gati
Mafuta ndiyo yatakuumiza kidogo kuliko vyote. Tuseme inakwenda kilomita 5 kwa lita, na wewe kwa mwaka hutazidi kilomita 5,000 maana utaiendesha wapi? Lita 1,000. Kwa shilingi 3,000 lita ni milioni tatu. Hela hiyo unaimaliza kwenye sherehe moja ya harusi.

Fundi Rasta
Mkuu, nimefanya kazi Dar kwenye karakana iliyokuwa inapokea magari ya namna hii. Sasa niko Gungu nahangaika na Noah zenu. Nisikilize.

360 injini yake haina ubaya, V8 ya 3.6, ni imara. Ubaya uko kwenye mkanda wa taiming. Unatakiwa kubadilishwa kila miaka 3 hivi, utembee usitembee, kwa sababu mpira unazeeka ukiwa umelala. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta injini. Una bahati kidogo kwamba kwenye 360 mkanda unafikiwa kwa kufungua nyuma ya viti. F355 iliyoitangulia, unashusha injini yote ndipo uuone. Uingereza, fundi asiye wa kampuni anaifanya kazi hiyo kwa paundi elfu moja na kitu. Hapa Kigoma ama fundi apande ndege akufuate, ama gari lipande lori limfuate. Hiyo ndiyo bei yako halisi, mkanda wenyewe ni kipande cha mpira tu.

Klachi sasa. Watu wanadhani F1 ni otomatiki. Siyo. Ni gia boksi ya manyuo na klachi ya kawaida, ila badala ya mguu wako kuna pampu ya haidroli inayoamrishwa na kompyuta. Haya, toka stesheni upande mlima wa Lumumba kuja Mwanga saa kumi na moja jioni. Bodaboda mbele, bajaji kushoto, unajivuta nusu mita nusu mita. Klachi inakaangika kama karanga. Wengine wameimaliza chini ya kilomita 20,000, na wengi wanaiua kwa kurudi nyuma kwenye mwinuko. Kwa Uingereza klachi na kazi yake ni paundi elfu mbili hadi tatu na zaidi, na ukishaifunga lazima kompyuta ifundishwe mahali inaposhika, bila hivyo gari linaruka kama chura. Kuna na rilei ya hiyo pampu, kitu cha bei ya soda. Ikiganda, pampu inazunguka bila kupumzika mpaka iungue, na pampu siyo bei ya soda.

Tairi za nyuma ni 275/40 za inchi 18. Katubuka hakuna, Tabora hakuna. Vitufe vya ndani vikipata joto miaka kadhaa vinanata kama umemenya fenesi. Hilo halizimi gari, linakera tu.

GranTurismo ndiyo ningekupa mimi. Injini yake imetengenezwa Maranello kwa Ferrari, ila inatumia cheni, hakuna mkanda wa kukuamsha usiku. Ile ya 4.2 ina gia boksi ya ZF ya otomatiki halisi, ya gia 6, ndugu wa zile zilizofungwa kwenye BMW na Range Rover za miaka ile, kwa hiyo Dar mafundi wanaoijua wapo. Epuka ile ya 4.7 yenye MC Shift, hiyo inarudi kulekule kwenye klachi ya roboti. Ni zito, karibu kilo 1,900, litakula bushi na rimu kwenye mashimo. Lakini mlima wa Mwanga linapanda kama kawaida.

Gallardo: V10, cheni, vipuri vingi vya Audi. Klachi ya E-gear ugonjwa uleule. Ni pana mno na ni chini mno. Basi.

Kanyenye Mstaafu
Lamborghini watuletee trekta zao huku Urambo kwenye tumbaku. Mzee Ferruccio alianza na matrekta 1948, magari yalikuja 1963.

Mama Asali
Dagaa Mchele kaka yangu, niko Tabora, Cheyo. Niliwahi kumiliki gari la Kiitaliano la milango miwili, jina sitalitaja. Siku moja limewaka taa, likagoma kuingia gia. Fundi wa hapa, kijana mzuri tu, mashine yake ya kupimia ikawa haiongei na gari. Likalala mwezi mzima chini ya mwembe. Betri ikafa kwa sababu alamu inakula umeme kimya kimya. Nikakodi lori hadi Dar. Kilichoharibika? Sensa moja, ndogo kuliko kidole gumba. Lori kwenda na kurudi lilizidi bei ya sensa mara kumi na kitu. Kwa hiyo kabla ya tairi nunua mashine inayosoma gari hilo, na chaja ya betri ya kuchomeka muda wote. Na oili ya 360 haipimwi kama ya Corolla, hupimwa injini ikiwa imechemka na inanguruma. Kijana wa gereji akizima injini kwanza, akapima, akakuongezea, umekwisha.

Muha wa Reli
Hivi hakuna anayetaja Fiat 124 Spider? Ilitoka 2016 hadi 2020, imeundwa Hiroshima na Mazda, mifupa ni ya MX-5. Injini ya 1.4 turbo tu ndiyo ya Waitaliano. Chini ya cc 2,000, ushuru wa bidhaa asilimia 5. Spea za miguu unaagiza za Mazda.

Dagaa Mchele
Muha, hiyo ni Mjapani aliyevaa suti ya Milano. Ila nimeielewa.

Fundi, nimekaa na daftari. Kwa 360 naona bima, mkanda ukigawa kwa miaka 3, klachi ukigawa kwa miaka 4, tairi, lori mara moja kwa mwaka. Inakaribia dola 7,000 na sijaharibikiwa na kitu. Maserati ukiondoa mkanda na klachi inashuka vizuri. Lakini moyo haujashuka.

Fundi Rasta
Moyo mwache. Muulize muuzaji swali moja tu: mkanda ulibadilishwa lini, na karatasi iko wapi. Kilomita usimuulize.

Dagaa Mchele
Shemeji amepiga simu sasa hivi. Karatasi ipo. 2014. Muuzaji anasema tusiwe na wasiwasi, tangu hapo gari halijatembea hata kilomita elfu mbili, limehifadhiwa vizuri sana.

Fundi Rasta
Niulizie hiyo Maserati, bushi za mbele zikoje.