Nimechomeka waya ila laptopu bado inatumia Wi-Fi

mwalimu_jioni:
Wakuu habari za saa hizi. Nafundisha watoto wa darasa la saba kwa video kila siku saa mbili usiku, na Wi-Fi ya nyumbani muda huo inakatakata sana, ruta iko sebuleni mimi niko chumba cha nyuma, kuta mbili za tofali katikati. Nikanunua waya wa mita 15 nikaupitisha chini ya mlango mpaka kwenye laptopu (Windows 10). Taa pale kwenye tundu inawaka, ila nikifungua Task Manager naona data zote zinapita Wi-Fi. Nikizima Wi-Fi waya unapiga kazi vizuri, lakini nikisahau kuizima watoto wanaanza "mwalimu umeganda". Nifanyeje ichague waya yenyewe?

kijana_wa_ilala:
Mi huwa nazima tu Wi-Fi mkuu

fundi_nyaya:
Pole mwalimu. Windows inaipa kila njia namba, yenye namba ndogo ndo inapita kwanza, na namba hiyo inapangwa kwa spidi ya kiungo (yaani spidi ambayo laptopu na ruta zimeunganishwa), waya una kipimo chake na Wi-Fi ina chake. Waya wa 1 Gbps unapewa 25, Wi-Fi ya 866 Mbps inapewa 30, kwa hiyo waya mzima unashinda wenyewe bila kugusa kitu. Waya ukishuka hadi 100 Mbps unapewa 35, hapo Wi-Fi inaupita. Nahisi ndo kinachokukuta. Fungua PowerShell andika Get-NetIPInterface uone namba, halafu angalia spidi ya waya.

Kwa leo, bonyeza Windows+R, andika ncpa.cpl, nenda properties za Ethernet, IPv4, Advanced, toa tiki kwenye Automatic metric (metric ndo ile namba) weka 10. Wi-Fi weka 50. Rudia na kwenye IPv6, wengi wanaisahau hiyo halafu wanasema haijakubali.

mwalimu_jioni:
Kweli kabisa, waya 35 Wi-Fi 30, na spidi inasoma 100! Nimeshaweka 10 na 50, sasa hivi inapita kwenye waya. Ila ruta na laptopu zote ni za 1 Gbps, mbona 100?

fundi_nyaya:
100 inatosha na nyuzi nne, 1 Gbps inataka zote nane. Mulika kichwa cha waya kwa tochi ya simu, angalia za bluu na za kahawia kama zimefika mwisho.

mama_seva:
Nyongeza, ukichomeka waya kipindi kimeshaanza kile kipindi kinaendelea na Wi-Fi, inabidi utoke uingie upya. Chomeka kabla ya saa mbili mwalimu.

mwalimu_jioni:
Nimemulika, uzi mmoja wa kahawia umeishia katikati haujagusa shaba. Fundi wa hapa mtaani kakata kapiga kichwa kipya, sasa inasoma 1.0 Gbps. Jana nimefundisha hesabu za sehemu saa nzima hakuna aliyesema nimeganda. Asante sana fundi, na mama seva pia.