Devendra Jhajharia alikuwa wapi miaka 12 kati ya dhahabu mbili?

kipanga01:
Wakuu habari zenu. Nimekuwa namsoma huyu mrusha mkuki wa India, Devendra Jhajharia, yule mwenye mkono mmoja, kuna kitu hakiniingii akilini. Paralimpiki ya Athens 2004 karusha mita 62.15, dhahabu na rekodi ya dunia juu, halafu kimyaa. Beijing 2008 hayupo, London 2012 hayupo, ghafla Rio 2016 huyo hapo ana miaka 35 anarusha 63.97 anachukua dhahabu nyingine na rekodi tena. Jamaa aliumia, alifungiwa au ilikuwaje? Miaka 12 kwa mrushaji si mchezo.

Mama Riadha:
Hakuumia wala hakufungiwa kaka, mchezo wenyewe ndio haukuwepo. Warushaji wa para wanapangwa kwa madaraja kulingana na ulemavu, yeye ni F46, yaani tatizo liko mkono mmoja. Sasa sio kila Paralimpiki inabeba kila daraja, na mkuki wa wanaume wa F46 haukuwekwa 2008 wala 2012. Bingwa mzima unakaa nyumbani kwa sababu ratiba haina jina la daraja lako, na huna pa kukata rufaa. Alishafika hatua ya kutaka kuacha, mkewe ambaye naye alikuwa mchezaji wa kabaddi ndo akamng'ang'ania asiache. 2013 akabeba ubingwa wa dunia kule Lyon, akaendelea kusubiri Rio.

Na huyu mtu hata kuanza kwake kulikuwa kwa tabu, mtoto wa kijijini huko Churu, Rajasthan, ana miaka 8 kapanda mti kagusa waya wa umeme, mkono wa kushoto ukakatwa. Mkuki wake wa kwanza alichonga mwenyewe kwa mwanzi.

kipanga01:
Daah kumbe. Asante dada. Ila naomba niulize la pili msinicheke, mkono wa kurushia si anao? Maana Neeraj Chopra, Mhindi mwenzake asiye na ulemavu, alichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo kwa 87.58, huyu mwenzake yuko kwenye sitini, na mkuki ni uleule wa gramu 800. Tofauti yote hiyo inatoka wapi?

kocha wa uwanjani:
Hakuna wa kukucheka, wengi wanadhani mkuki ni bega tu. Mtazame mrushaji wa mkono wa kulia pale mwishoni, mkono wa kushoto anaunyoosha mbele halafu anauvuta kwa nguvu kifuani, hapo upande wa kushoto unasimama na wa kulia unazunguka kwa kasi. Ukikosa mkono ule unakosa breki ya mwili wa juu, inabidi kiuno na tumbo vifanye kazi hiyo, na hata zile hatua za kupishanisha miguu kabla ya kurusha mwili unavutwa upande mmoja. Bado jimu, chuma utakishikaje kwa mkono mmoja?

Sasa linganisha na Sumit Antil wa F64, yeye alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki 2015. Mguu wa kushoto ndio unaokanyaga mwisho na kupokea mzigo wote wa kasi, na yeye pale ana mguu wa bandia! Na bado Paris 2024 karusha 70.59. Wale wa kukaa ndo habari nyingine kabisa, mtu anafungwa mikanda kwenye kiti kisichozidi sentimita 75 kwenda juu, hakuna kukimbia, ni kiwiliwili tu.

mzee wa takwimu:
Mnamsifia sana Jhajharia ila Paralimpiki ya Tokyo alipigwa na Herath wa Sri Lanka 67.79, rekodi ikaondoka. Na mwaka 2024 kaingia siasa, kagombea ubunge huko Churu akaanguka. Angepumzika tu.

Mama Riadha:
Mzee nawe 😂 hiyo Tokyo unayoisema ana miaka 40 na alirusha 64.35, mbali kuliko dhahabu zake zote mbili, akapata fedha. Angeirusha hiyohiyo Rio angekuwa bingwa kwa mbali zaidi. Ubunge sina la kusema, lakini mwaka huohuo kachaguliwa rais wa Kamati ya Paralimpiki ya India, na hapo namuona yuko mahali pake, sababu anaujua uchungu wa daraja kufutwa.

kipanga01:
Kwa hiyo F46 sasa ipo au wanaitoa tena?

mzee wa takwimu:
Paris ilikuwepo, India wakaondoka na fedha na shaba, Ajeet Singh 65.62 na Sundar Singh Gurjar 64.96. Haya, hao wote wamempita mzee wao, nimemaliza.