Naomba ushauri: mboga zisizopuliziwa dawa kwa bajeti ya familia

Habari zenu wapendwa. Tupo sita nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, na bajeti yangu ya mboga na matunda ni shilingi 150,000 kwa mwezi.

Wiki tatu zilizopita nilinunua nyanya gengeni, nikakuta unga mweupe wa dawa umegandia kwenye vikonyo. Niliosha mara tatu, nikasugua kwa kidole, bado ukabaki kwenye kile kishimo. Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili, na nikikata kachumbari lazima adokoe kipande kibichi. Tangu siku hiyo sina raha.

Nikahamia dukani kwenye mboga zenye nembo ya Kilimo Hai, yaani zilizolimwa bila dawa za viwandani. Fungu la mchicha 2,000, wakati gengeni ni 500! Wiki mbili tu hela ikakata. Nimepanda pia kwenye viroba nyuma ya nyumba: matembele yamekubali vizuri sana, mchicha umeliwa na wadudu, na nyanya hazipati jua la kutosha.

Naombeni mnisaidie. Kwa kuwa siwezi kununua vyote vya kilimo hai, nianze na vipi: nyanya, hoho, au mboga za majani? Na kwa mnaonunua moja kwa moja kwa mkulima, huwa mnahakikishaje kwamba kweli hapulizii? Majirani watatu wako tayari tuchange tuagize tenga zima.

Asanteni sana.