Ken Anderson amesahaulika hivi kwa nini?

Pasi_Ndefu:
Wakuu, heshima kwenu. Jana usiku nimerudia kutazama Super Bowl ya 16, fainali ya futiboli ya Marekani (NFL) ya Januari 1982 kule Pontiac, Cincinnati Bengals na San Francisco 49ers, nikalala na donge moyoni. Wakitajwa makwotabeki, wale warusha pasi wakuu, wa enzi zile utasikia Staubach, Bradshaw, Fouts, Montana. Ken Anderson wa Cincinnati Bengals hatajwi kabisa.

Alitoka Augustana, chuo kidogo cha Illinois, akachukuliwa raundi ya 3 ya timu kuchagua wachezaji wapya wa vyuo mwaka 1971. Mara 4 aliongoza ligi nzima kwa ubora wa pasi: 1974, 1975, 1981 na 1982. Itazameni hiyo miaka. Katikati yake kuna 1978, sheria zilipobadilishwa na mabeki wakakatazwa kumpiga vikumbo mpokeaji akishavuka yadi 5. Anderson aliongoza kabla ya sheria hiyo, akaongoza na baada yake. Novemba 1974 aliwarushia Pittsburgh pasi 22, zikafika 20, na hao Pittsburgh ndio waliobeba ubingwa msimu huohuo!

Nanyi mnamlilia nani? Jina tupu silitaki, nielezeni mnachokikumbuka.

Ngome75:
Umegusa Pittsburgh, basi mimi namlilia L.C. Greenwood, mlinzi wao yule wa viatu vya rangi ya dhahabu. Futi 6 na inchi 6. Super Bowl ya 9, Tarkenton, kwotabeki wa Minnesota, akitaka kurusha, ule mkono mrefu unapanda. Pasi 3 alizizima hivyo. Shida ni kwamba ligi ilianza kuhesabu rasmi kuangushwa kwa kwotabeki mwaka 1982, na msimu wake wa mwisho ulikuwa 1981. Kazi yote ile haimo kwenye vitabu vya rekodi. Inaniuma sana.

Msomaji_wa_Mchezo:
Marlin Briscoe. Mwaka 1968 akiwa Denver alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza mechi katika AFL, ligi nyingine ya wakati huo, akarusha pasi 14 za tachidauni (za kufunga) msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata hakupewa tena nafasi ile. Akaenda Buffalo, akajifunza kazi ya upokeaji upya, na 1970 akavuka yadi 1,000. Kisha akawa na Miami ile ya 1972 isiyofungwa hata mechi moja. Mtu anyang'anywe kazi yake halafu afanye hayo kwa kazi nyingine?

Goli_Lima:
Pasi_Ndefu, nakuheshimu, lakini Anderson fainali yake alipoteza. Pasi zake 2 zilinaswa na wapinzani. Watu hukumbuka mabingwa.

Pasi_Ndefu:
Mkuu, hizo 2 sizikatai. Ila alirusha 34 zikafika 25, yadi 300, baada ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma 20-0. Na upande wa San Francisco alisimama Bill Walsh, kocha aliyemfundisha kupasi hapohapo Cincinnati; nadhani hakuna aliyeujua mkono wa Anderson kumzidi.

Irudie robo ya 3. Bengals wako yadi 1 kutoka mstari wa kufunga, jaribio la 3 kati ya 4. Anderson anampa Charles Alexander pasi, inatua mikononi. Dan Bunz anamkumbatia kiunoni kabla hajavuka, anamrudisha nyuma. Jaribio la 4 Pete Johnson akagonga ukuta. Matokeo ya mwisho 26-21. Pasi ilifika, mkuu.