Kikundi: Ukoo wa Mzee (Kaburi)

Mama Neema, 06:12
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Fundi anataka maandishi ya jiwe LEO, la sivyo 27 Februari, kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, itatukuta hatujajengea kaburi. Nimeandika: "Mtoto wa shujaa wa Maji Maji aliyenyongwa Songea 1906." Semeni.

Mama Neema, 09:40
Mmesoma wote, kimya. Na michango je?

Dula, 10:02
Mie niko pamoja 👍 pilau tu isikosekane

Shangazi Tabu, 11:05
Jiwe lisiandikwe uongo. Yule ndege wa bati aliyekuwa chini ya sanduku la marehemu, mnamjua wa wapi? Wa kwenye kofia ya askari wa Mjerumani.

Dula, 11:06
Shangazi huyo si Crystal Palace? 😂😂

Zai, 11:06
😂😂 Dula utalaaniwa

Mama Neema, 11:09
Jamani fundi anasubiri!!

Shangazi Tabu, 11:31
Chekeni. 1971 posa yangu ilirudishwa kwa huyo huyo ndege. "Hatuoi damu ya askari." Kaka zangu mpo humu, mlinyamaza.

Anko Side, 12:15
Dada, hayo si tuliyamaliza msibani? Rais wa Ujerumani mwenyewe alikuja Songea 2023 akaomba radhi. Sisi tunafukua ya nini?

Shangazi Tabu, 12:17
Mliyamaliza ninyi. Na yeye aliwaomba radhi jamaa wa walionyongwa. Mimi kaniomba nani?

Zai, 16:48
Niko na Bibi Mkubwa, nimemsomea yote. Anasema niandike hivi hivi:
"Marehemu mume wangu alinieleza mwenyewe. Vihenge vilichomwa, watu wanakula mizizi, mama yake akakamatwa akapewa askari kama mbuzi. Habari ya baba kunyongwa aliitunga yeye, mwanawe asije akapigwa mawe. Baba msimwandike. Mwandikeni mama. Na Tabu aombwe radhi nikiwa hai."

Anko Side, 17:20
Shikamoo mama. Tumesikia.

Mama Neema, 17:55
Shikamoo Bibi. Sawa, nimemwambia fundi asubiri mpaka kesho. Zai, muulize jina la huyo mama.

Zai, 18:03
Kashalala.

Mama Neema, 18:04
Basi asubuhi na mapema. Anko Side, Shangazi utampigia lini?

Mama Neema, 20:30
Anko Side?

Kaka Beka, 22:51
Ndo naingia saa hizi. Mchango ulikuwa shilingi ngapi vile?