Naomba ushauri: fowili (gari linalovutwa na matairi yote manne) au matairi ya theluji?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, nimekwama.

Natumia gari dogo linalovutwa na matairi ya mbele, na nimefunga matairi ya misimu yote. Wiki iliyopita asubuhi nilikuwa nashuka mteremko wenye barafu nyembamba, nikakanyaga breki taratibu kabisa. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki) inafanya kazi, lakini gari likateleza hadi katikati ya makutano. Nyuma nilikuwa na watoto wawili. Mpaka leo nikifika pale mikono inabana usukani.

Tangu hapo nashuka kwa gia ndogo na napima upepo wa matairi mara kwa mara, maana baridi huushusha. Kupanda kilima bado ni taabu.

Uwezo wangu unatosha jambo moja tu: nibadilishe gari nichukue fowili yenye matairi ya kawaida, au nibaki na hili nifunge manne ya theluji. Mwenzangu anataka fowili. Mimi naegemea kwenye matairi, kwa sababu fowili husaidia kuondoka na kupanda, haifupishi breki, na mpira wa kawaida hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi.

Kwa mliowahi kutumia gari la kuvuta mbele lenye matairi ya theluji: linapanda mlima wenye theluji iliyoshindiliwa bila minyororo? Na je, matairi yenye misumari (vyuma vidogo vya kung'ata barafu) yananifaa ikiwa siku nyingi lami ni kavu?

Natanguliza shukrani.