Nimepigwa na laptop ya Dubai: chini ya herufi Y nimekuta Z

Wakuu, salaam. Mnisamehe makosa ya uandishi, natumia simu, na sababu ya kutumia simu ndiyo malalamiko yenyewe.

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, kule upande wa UDOM. Nachapa, natoa kopi, napanga tasnifu za watu zinazokuja na kurasa zimevurugika. Mwezi wa saba mashine yangu ya zamani ilikata roho. Kwenye maduka ya hapa Dodoma mjini, aina niliyoitaka wakanitajia 1,450,000. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anakwenda Dubai kufuata mzigo wake wa vipuri. Akaniambia, "Shemeji, usijitese, kule nakuchukulia mpya kwa milioni moja." Nikamhesabia pesa mkononi.

Ikaja. Dirhamu 1,400, risiti ipo. Forodha hawakumsumbua, ushuru wa forodha wa kompyuta kwenye tarifa ya pamoja ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, kwa hiyo huko sina ugomvi na mtu. Kwenye ndege aliibeba mkononi kwa sababu ya betri, Dar akapanda nayo SGR, akaja kunikabidhi kama mtoto mchanga. Boksi limefungwa nailoni. Chaja ina miguu mitatu bapa kama zetu. Nailoni nilichana mwenyewe, mke wangu anaangalia. Hebu niambieni, hapo ningeshuku nini?

Miezi mitatu imepiga kazi vizuri, nisiseme uongo. Likaja joto la mwezi wa kumi, herufi Y ikaanza kuteleza chini ya kidole. Nikadhani uchafu, si mnalijua vumbi la huku. Nikakwangua kwa ukucha, kikabanduka kingozi cheusi chembamba. Stika! Chini yake Z. Nikabandua Z, chini yake Y. Nikaendelea kama mwehu: pembeni ya P kuna U yenye vidoti viwili kichwani. Kibodi ya Kijerumani, wakuu. Kwenye mashine "mpya".

Nikaigeuza tumbo juu, nikasoma namba yake, nikaiingiza kwenye tovuti ya watengenezaji. Waranti ilianzia Ujerumani 2021, ikaisha 2024. Namba ya kwenye boksi ni ya mashine nyingine kabisa.

Hapo bado ningemeza. Mtumba si dhambi, hata shati nililovaa sasa hivi ni mtumba. Ila wiki iliyopita mteja kaleta flashi ina virusi, mashine ikawa nzito, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ilipowaka tu ikashika intaneti, ikaleta jina la kampuni ya huko Ujerumani, inataka barua pepe ya mfanyakazi wao na neno la siri. Na kibodi imerudi Kijerumani: naandika "kazi yangu", inatoka "kayi zangu". Nilicheka kwa hasira.

Nikaipeleka kwa fundi mjini apige Windows upya. Akachomeka flashi, wapi. Bayosi nayo, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, imefungwa kwa neno la siri, haikubali kuwakia kwenye flashi. Ndipo aliponieleza: makampuni husajili utambulisho wa mashine zao Microsoft. Unaweza kufuta diski yote, ukiiweka kwenye intaneti inamkumbuka mwenye mali. Walioitoa kazini hawakuifuta kwenye usajili, na mtu aliyekaa kubandika stika herufi moja moja, kwa utulivu kabisa, alijua, ndiyo maana aliiandaa bila intaneti. Kwa maelezo hayo fundi akachukua 60,000 "ya kujaribu". Hiyo nayo imeniuma, lakini tuiache.

Muuzaji nimemtumia picha WhatsApp. Tiki za bluu siku mbili. Siku ya tatu ananijibu niipeleke dukani, halafu anaongeza kwamba stika nimetoa mwenyewe. Dukani ni Deira, kulekule Dubai! Nauli ya kwenda na kurudi si bora niongezee ninunue laptop nyingine hapa mjini!

Shemeji naye nikimpigia anasema, "Si ilikuwa inafanya kazi?" Nikipandisha sauti, mke wangu ananikata jicho. Nyumbani siku hizi neno laptop halitajwi.

Sasa swali langu. Kuna aliyewahi kuiandikia kampuni yenyewe, ile inayotokea kwenye skrini, akaomba waifute kwenye usajili wao? Walijibu? Au wataniona mwizi? Na kama kuna anayekwenda Deira kabla ya mwezi wa kumi na mbili, anicheki inbox. Boksi ninalo, risiti ninayo, na stika ya Y nimeihifadhi kwenye bahasha.